Mabawa ya Kukopa: Jeshi la Anga la Kongo katika Miaka Yake ya Kwanza

Tarehe 30 Juni 1960, siku Kongo ilipopata uhuru, jeshi la nchi lilikuwa na askari wapatao 24,000 na maofisa kama elfu moja. Maofisa hao wote walikuwa Wabelgiji. Hapakuwa na luteni Mkongo hata mmoja, sembuse rubani wa kijeshi. Ndege zilikuwepo, viwanja vilikuwepo, tena vizuri, na mafuta yalikuwa kwenye matangi; aliyekosekana ni mwenye nchi. Anayetaka kuieleza historia ya jeshi la anga la Kongo kwa haki aanzie hapo, maana karibu kila lililotokea katika miaka saba iliyofuata lilitokana na pengo hilo, na sisi wa Kivu ni miongoni mwa waliolipia sehemu kubwa ya gharama yake.

Jeshi la mkoloni, Force Publique, liliingia angani kidogo kidogo. Ndege yake ya kwanza, De Havilland Leopard Moth ya injini moja, iliingia kazini tarehe 9 Oktoba 1940 kwenye kiwanja cha N'Dolo, Léopoldville, wakati Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na Wajerumani. Baada ya vita kikosi hicho kilikua na kujulikana kama Avi/FP. Kilikuwa na ndege za De Havilland Dove na Heron za kubebea maofisa, wagonjwa na barua, na helikopta za Sikorsky S-55 na Alouette II. Kazi yake ilikuwa usafiri na upelelezi: kumfikisha mkuu wa wilaya mahali ambapo barabara imekatika kwa mvua, au kumtoa mgonjwa msituni. Hakikuwa kikosi cha vita, na Wabelgiji hawakuona haja ya kukifanya hivyo, kwa kuwa bunduki za askari wa miguu zilitosha kumnyamazisha raia.

Vita walivyovifikiria vilikuwa vya mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 waliona huenda Urusi ikaivamia Ulaya Magharibi, na wakataka mahali salama pa kukimbizia jeshi lao na kufundishia vijana wao. Ndipo zikajengwa kambi mbili kubwa: Kitona karibu na bahari ya Atlantiki, na Kamina kwenye uwanda wa juu wa Katanga. Kamina ilikuwa mji mzima, yenye njia ndefu za kurukia, hospitali, nyumba za familia na shule ya marubani. Vijana wa Kibelgiji walikuja hapo kumalizia mafunzo yao kwa ndege za Harvard, wakizunguka juu ya savana ambako hali ya hewa ni nzuri sehemu kubwa ya mwaka. Wakongo walifyeka majani, wakapika, wakafua, wakalinda lango. Kamina ilifundisha marubani katika miaka ya 1950 kwenye ardhi ya Kongo, na haikumfundisha Mkongo yeyote. Msomaji ayakumbuke majina hayo mawili, Kitona na Kamina, kwa sababu yatarudi, na moja litahusu ndege zilizoondoka hapa hapa Goma.

Siku tano baada ya sherehe za uhuru askari wakaasi, maofisa wa Kibelgiji wakaondoka au wakafukuzwa, na tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Serikali ya Patrice Lumumba ilijikuta na nchi kubwa kupita kiasi isiyoweza kuvukwa bila ndege, na haina ndege. Aliomba msaada kwa Umoja wa Mataifa, akauona hautoshi, akageukia Moscow. Umoja wa Kisovieti ukaleta Ilyushin Il-14, na hizo ndizo zilizosaidia kupeleka askari wa serikali Kasai mwezi wa Agosti. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu akatangaza kumfukuza Lumumba. Muda mfupi baadaye mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, Andrew Cordier, akaamuru viwanja vyote vikubwa vya ndege vifungwe. Amri hiyo moja ilimkata Lumumba miguu. Askari waliokuwa tayari kumtetea walikuwa Stanleyville, na hawakuwa na njia ya kumfikia. Tarehe 17 Januari 1961 yeye, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipakiwa Moanda kwenye DC-4 ya Air Congo na kushushwa Elisabethville, kiwanja cha Luano, wakauawa usiku ule ule. Mimi nasoma miezi hiyo sita kama somo la anga kuanzia mwanzo hadi mwisho: mwenye ndege na mwenye kiwanja ndiye aliyeamua nani aishi.

Tshombe alilielewa somo hilo mapema. Nchi yake haikutambuliwa na taifa lolote duniani, lakini ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, noti zake, stempu zake, na jeshi la anga lililoitwa Avikat. Fedha ilitoka kwenye kodi za kampuni ya madini ya Union Minière. Avikat ilichukua Harvard zilizobaki na Dove chache, ikanunua ndege nyepesi za Dornier kutoka Ujerumani, na mwezi Februari 1961 ikapokea mali yake ya thamani kuliko zote: Fouga Magister tatu, jeti za mafunzo za Kifaransa. Zilifika Luano ndani ya ndege kubwa ya mizigo ya kampuni ya Kimarekani, Seven Seas, ambayo wakati huo huo ilikuwa ikibeba chakula kwa kazi ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo.

Fouga ni ndege ndogo. Ina viti viwili, injini mbili nyembamba zilizobanwa ubavuni, na mkia uliogawanyika mapande mawili kama herufi V, hivyo mtu wa chini aliitambua mara moja. Ulaya ilitumika kufundishia wanafunzi. Silaha zake zilikuwa bunduki mbili puani na mabomu mepesi chini ya mabawa. Kati ya zile tatu, moja ilianguka baada ya miezi michache na ya pili ikakamatwa na Umoja wa Mataifa Luano mwishoni mwa Agosti. Ikabaki moja, namba 93, ikirukia Kolwezi na kuendeshwa na mamluki.

Tarehe 13 Septemba 1961 mapigano yalipolipuka Elisabethville kati ya Umoja wa Mataifa na Katanga, Fouga hiyo moja ilitawala anga la nchi nzima. Iliwapiga askari wa Ireland waliokuwa wamezingirwa Jadotville, kikosi cha watu wapatao 155 chini ya Pat Quinlan, hadi wakaishiwa maji na risasi wakasalimu amri. Ilichoma ndege za uchukuzi za Umoja wa Mataifa zikiwa zimeegeshwa. Dunia nzima ilikuwa nyuma ya kofia za buluu za Umoja wa Mataifa, na kofia za buluu hazikuwa na ndege hata moja ya kuifukuza. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alipoamua kwenda Ndola kuzungumza na Tshombe, rubani wake aliiogopa Fouga kiasi cha kuruka usiku na kuzunguka mbali mashariki, juu ya Ziwa Tanganyika, huku redio ikiwa kimya. Ndege yao, DC-6 iliyoitwa Albertina, ilianguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, na wote waliokuwemo wakafa. Chanzo cha ajali hiyo kinabishaniwa hadi leo. Uchunguzi mpya wa Umoja wa Mataifa uliongozwa tangu mwaka 2015 na Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Aibu ya kushindwa na Fouga moja ilileta jeti. Kabla ya mwaka kwisha Uswidi ilituma J 29 Tunnan, Ethiopia ikaleta Sabre F-86, na India ikaleta Canberra, ndege za kudondosha mabomu mbali. Katanga nayo iliendelea kukusanya ndege za kizamani mwaka mzima wa 1962. Mmoja wa makamanda wake alikuwa Jan Zumbach, bingwa wa Kipoland aliyewaangusha Wajerumani wengi katika anga la Uingereza mwaka 1940. Tarehe 29 Desemba 1962 ndege za Uswidi zilishuka juu ya Kolwezi na kuziteketeza nyingi ardhini. Wiki tatu baadaye kofia za buluu ziliingia mji huo, na taifa la Tshombe likafutika pamoja na jeshi lake la anga. Katika muda wote huo Avikat haikuacha nyuma kizazi cha marubani wa Kikatanga wa kutajwa. Ilikuwa ndege zilizonunuliwa na watu walionunuliwa pamoja nazo.

Huku mashariki, wakati wa jeti hizo, tulipata msiba wetu. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za Italia, C-119, zilitua Kindu zikileta vyakula vya kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichotoka nchi ya Malaya. Askari wa Kongo waliokuwa hapo, waliokuwa wa upande wa Stanleyville, waliwadhania Waitalia hao kuwa mamluki wa Tshombe. Vijana kumi na watatu wa kikosi cha anga cha Pisa, wasio na silaha mezani kwa chakula cha mchana, walikamatwa, wakauawa. Walipigwa kwa dhambi ya Fouga wasiyoijua. Lililonigusa zaidi katika habari hii ni lile lililofuata. Mwaka 1962 Mmarekani Kanali Michael Greene alipoandaa mpango wa kulijenga upya jeshi la taifa, Armée Nationale Congolaise, kila nchi rafiki ikapewa fungu: Ubelgiji jeshi la ardhini, Israeli askari wa miavuli, Norway jeshi la maji. Jeshi la anga walipewa Waitalia. Nchi iliyozika watoto wake kumi na watatu kwa mikono ya askari wa Kongo ikakubali kuwafundisha Wakongo kuruka, na jambo hilo linastahili heshima kuliko ilivyowahi kupewa katika nchi hii.

Kufundisha rubani huchukua miaka, na Kongo haikupewa miaka. Jina la Force Aérienne Congolaise, FAC, lilikuwa tayari limeandikwa ubavuni mwa ndege, lakini waliokaa ndani walikuwa wengine. Kuanzia mwishoni mwa 1962 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilileta Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, baadhi yao wakiwa wamepigana kwenye Ghuba ya Nguruwe mwaka uliotangulia. Waliandikishwa Miami kupitia kampuni ya karatasini. Mwanzoni walirusha Harvard bila silaha, kwa maonyesho, ili raia wa Léopoldville waone serikali yao ina mabawa. Pierre Mulele alipowasha moto Kwilu mwanzoni mwa 1964, Harvard zikafungwa roketi.

Kisha moto ukaja kwetu. Mwezi Mei 1964 Uvira ilianguka, Juni Albertville, na tarehe 5 Agosti Stanleyville yenyewe. Wazee wa Kivu wanaviita vita hivyo vita vya Mulele ingawa Mulele alikuwa mbali magharibi. Jina lake ndilo lililokuwa kinywani mwa waasi, Wasimba, walipokuwa wakisonga mbele wakipiga kelele kwamba kwa dawa yao risasi itageuka maji. Askari wa serikali waliamini dawa hiyo sawasawa na Wasimba wenyewe, ndiyo maana miji mingi ilitekwa bila mapigano ya maana. Bukavu ilisimama. Tarehe 19 na 20 Agosti Kanali Léonard Mulamba aliwakusanya watu wake, akakataa kukimbia, na juu yake zikafika T-28 za Wakuba. Mulamba alipata sifa yake kwa haki, na mwaka uliofuata akawa Waziri Mkuu. Lakini Bukavu na Goma zisingebaki mikononi mwa serikali bila zile ndege, na anayeandika historia hii ana deni la kulisema hilo pia.

T-28 Trojan inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo ndege iliyoitambulisha FAC ya miaka hiyo kuliko nyingine yoyote. Ilibuniwa Marekani iwe ndege ya kufundishia, ikafungwa injini kubwa ya Wright ya silinda tisa zilizopangwa duara nyuma ya panga la mbele, yenye nguvu za farasi 1,425. Harvard ilikuwa na 600. Kivu tofauti hiyo ilikuwa suala la kurudi salama au kutorudi. Kiwanja cha Goma kipo kwenye mwinuko wa mita kama 1,550, Nyiragongo inapanda hadi 3,470, na hewa nyembamba ya huku huipunguzia injini nguvu na bawa uwezo wa kuibeba ndege. Harvard iliyojaa roketi ilijikongoja kuvuka milima. T-28 ilivuka na akiba ya nguvu ikabaki. Chini ya mabawa yake kulikuwa na sehemu sita za kuning'iniza maganda ya bunduki, roketi na mabomu.

Injini za namna hiyo zina tabia moja ambayo kila fundi aliyezitunza anaijua. Usiku oili hushuka na kujikusanya kwenye silinda za chini. Ukiwasha hivyo hivyo asubuhi, pistoni hukutana na oili isiyobanika, na mkono wa chuma unaoibeba hupinda. Kwa hiyo kabla jua halijapanda mtu hushika panga na kulizungusha kwa mikono, pande baada ya pande, akisikiliza kama kuna ukinzani. Akiuhisi, huacha, hufungua plagi za chini, oili hutiririka, huzifunga tena. Ni kazi ya kuchosha na ya kuchafuka, na bila hiyo hakuna shujaa wa angani. Jeshi la anga ni yule mtu. Anayeruka hukaa juu saa mbili; ndege hiyo moja humtaka fundi saa nyingi zaidi chini, na ndiyo sababu nchi inaweza kununua ndege kwa siku moja na kukosa jeshi la anga kwa miaka ishirini.

CIA waliujua ukweli huo vizuri. Walianzisha kampuni iliyoandikishwa Liechtenstein, WIGMO, na kazi yake ilikuwa matengenezo tu: mafundi kutoka Ulaya, vipuri, oili, risasi. Pamoja na T-28 zikaja B-26K, ndege za injini mbili zilizotumika Vita vya Pili vya Dunia, zikafumuliwa na kuundwa upya California, zikapewa bunduki nane puani. Zilikuwepo C-46 na C-47 za mizigo, na kwenye Ziwa Tanganyika boti za mwendo kasi. Harvard walipewa mamluki wa Afrika Kusini na wengine. Kwenye karatasi yote hayo yalikuwa FAC, chini ya mkuu wa jeshi, Jenerali Mobutu. Katika uhalisia amri zilitolewa kwa Kihispania na Kiingereza, na Mkongo aliyekaribia ndege alikaribia kama mlinzi au mpakia mizigo.

Ndege hizo zilifungua njia kwa misafara ya mamluki iliyoelekea Kindu na Stanleyville. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 B-26 zilipita juu ya Simi-Simi, kiwanja cha Stanleyville, kabla C-130 za Marekani hazijawamwaga makomando wa Kibelgiji. Mwaka 1965 ziligeukia Fizi na Baraka, ambako Che Guevara na Wakuba wa upande wa pili walikuwa wamejichimbia tangu Aprili. Wakuba wa Miami wakawatafuta Wakuba wa Havana katika milima ya Wabembe, hadi Che alipovuka ziwa kurudi Kigoma mwezi Novemba. Sitaki mtu asome aya hizi akaona ushujaa tu. Mabomu yalianguka vijijini. Watu waliojificha msituni na watoto hawakuwa na dawa wala bunduki, na wale walio juu hawakujua lugha yao wala majina ya vilima walivyovipiga. Jeshi la anga lisilo na mwenyeji ndani yake haliwezi kutofautisha shamba la mihogo na kambi.

Jaribio la mwisho la zama hizo lilikuwa Bukavu tena. Tarehe 5 Julai 1967 mamluki wa Jean Schramme waliasi, na mwezi Agosti wakauteka mji. Kwa miezi mitatu jeshi la taifa liliwazingira, na ndege za FAC zikawapiga kwa mabomu na roketi hadi walipovuka kuingia Rwanda mwanzoni mwa Novemba. Rais Johnson wa Marekani alituma C-130 tatu kusaidia kubeba askari, na bunge lake likamnung'unikia. Waliotazama kutoka upande wetu wa Ziwa Kivu waliona jambo jipya: serikali ya Kongo ikiwapiga wazungu waliokuwa jana wakiitwa waokozi wake. Walioketi ndani ya T-28 nyingi bado walikuwa wageni, lakini Mobutu, sasa akiwa Rais, alikuwa amepata hoja isiyojibika ya kuachana na majeshi ya kukodi.

Hapo ndipo kazi ya Waitalia ilipozaa. Vijana wa Kikongo waliokuwa wamepelekwa kusoma walirudi, na ndege zao zikaja zikiwafuata: Aermacchi MB-326 kumi na saba, jeti za mafunzo na mashambulizi, mwishoni mwa muongo, kisha SF-260 kumi na mbili za kuanzia kujifunza. Kuanzia 1971 zilifika C-130 Hercules, na mwaka huo huo nchi ikabadilishwa jina kuwa Zaire, FAC ikawa Force Aérienne Zaïroise, FAZA. Mwaka 1973 ziliagizwa Mirage 5 kumi na saba kutoka Ufaransa. Bei ya shaba ikaporomoka, na zilizofika zilikuwa pungufu.

Mpangilio wa FAZA ulifuata mtindo wa Kibelgiji na ulikuwa mzuri. Kulikuwa na makundi makubwa mawili. La kwanza lilikaa Kinshasa na kubeba: askari, vyakula, wageni wa Rais. La pili lilikaa Kamina na kupigana. Kila kundi liligawanyika katika vikosi, na kila kikosi kikazaa eskadrili zilizochukua namba yake, hivyo kikosi cha 19 kilikuwa na eskadrili ya 191 na ya 192, na cha 21 kilikuwa na Mirage katika 211 na Aermacchi katika 212. Mtu aliyesikia namba alijua mara moja ndege ipi, kazi ipi na chini ya nani. Kamina, shule iliyomfungia Mkongo lango, sasa ilikuwa na marubani Wakongo wakipanda Mirage kwenye njia zile zile. Kwa wale tunaotafuta siku ya kuadhimisha jeshi hili, ningechagua mojawapo ya siku hizo kuliko tarehe ya tangazo lolote.

Haikudumu. Mwezi Mei 1978 waasi walipoingia Kolwezi, waliziharibu Aermacchi kadhaa ardhini. Ilipofika tarehe 19 askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa waliruka kwa miavuli kutoka kwenye C-130 za FAZA pamoja na Transall za Kifaransa: ndege zetu, marubani wetu katika baadhi yake, wapiganaji wa watu. Mwaka 1983 Mirage na Aermacchi zilipelekwa N'Djamena kumsaidia Hissène Habré, na huo ndio ulikuwa upeo wa FAZA nje ya mipaka. Baadaye mishahara haikufika, vipuri havikuagizwa, na C-130 zikageuka daladala za wafanyabiashara, rubani akitoza nauli ili naye ale. Simlaumu. Namlaumu aliyekuwa na fedha za ikulu ya Gbadolite na uwanja wake wa kutua Concorde huku fundi wa Kamina akitafuta gasketi sokoni.

Goma iliona matokeo. Mji ulipoanguka tarehe 1 Novemba 1996 hapakuwa na FAZA ya kuutetea. Mobutu alirudi kwenye dawa ya 1964, akakodi Waserbia na ndege zao, na mwezi Februari 1997 mabomu yakaanguka Bukavu, kwa raia. Kisha ukaja mwezi Agosti 1998. Uasi mpya ulitangazwa Goma tarehe 2, na siku mbili baadaye kamanda wa Rwanda, James Kabarebe, aliwapakia askari kwenye ndege za abiria zilizotekwa hapa, akawavusha nchi nzima, karibu kilomita 1,900, akawashusha Kitona. Kambi ile iliyojengwa ili kuwakinga Wabelgiji na Warusi ilichukuliwa kwa Boeing zilizoondoka pembeni mwa mtaa wetu wa Birere. Rais Laurent-Désiré Kabila hakuwa na kitu cha kuzuia jambo hilo angani, na aliyemwokoa ni Angola na Zimbabwe, kwa ndege zao na marubani wao.

Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, na kwa miaka mingi ndege za Goma zilitua kwenye kipande kilichobaki, katikati ya mji uliojaa watu. Mabaki ya ndege za kiraia yalilala pembeni kwenye mawe meusi, watoto wakipanda mabawa yake. FAC, iliyokuwa imerudishiwa jina lake la zamani, ilikuja na kuondoka: Sukhoi Su-25 zilizonunuliwa Georgia, helikopta za Mi-24 zilizowapiga waasi wa M23 kwenye vilima vya Chanzu mwaka 2013. Tarehe 24 Januari 2023 Sukhoi moja ilipigwa kombora kutoka upande wa Rwanda ikiwa inashuka kutua. Watu wa mjini waliona moto kwenye bawa la kulia. Rubani aliishikilia, akaitua, na wazima moto wakaifikia.

Miaka miwili na siku chache baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, M23 waliingia Goma na kiwanja kikawa mikononi mwao. Kavumu, kiwanja cha Bukavu, kilifuata tarehe 14 Februari. Ndege ya jeshi la taifa haina tena mahali pa kutua kando ya Ziwa Kivu.